Jenomu Mbili Ndani ya Chura Mmoja, na Yaliyoipata Kinga Yake

Hesabu ndiyo inayowapoteza watu. Ukimwambia mtu kwamba kuna chura anayebeba jenomu mbili nzima, yaani seti mbili kamili za maelekezo ya urithi, ndani ya kila seli, kila moja imetoka kwa babu wa spishi tofauti, atakujibu papo hapo: basi kinga yake ya mwili lazima iwe maradufu. Vipokezi maradufu, wajumbe maradufu, silaha maradufu. Inaingia akilini, lakini kwa sehemu kubwa si kweli. Baadhi ya jeni za kinga zimebaki mbili hadi leo, nyingine zimebaki moja, na nyingine zimeongezeka kwa njia isiyohusiana kabisa na kule kurudufika kwa jenomu. Kwa maoni yangu, ukitaka kukisia jeni fulani iliangukia kundi gani, swali la kuanzia si faida yake kwa chura. Uliza kwanza inasimama wapi kwenye mnyororo wa ishara, yaani ule msururu wa protini zinazopokezana ujumbe kutoka nje ya seli hadi ndani.

Chura mwenyewe ni Xenopus laevis, mkaaji wa majini kusini mwa Afrika, mwenye kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma. Maabara za dunia nzima zilianza kumfuga baada ya kugundulika, katika miaka ya 1930, kwamba jike lake likidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai baada ya saa chache. Alisafirishwa kama kipimo cha mimba, akabaki kama mnyama wa utafiti. John Gurdon alimtumia kuonyesha kwamba kiini cha seli iliyokwisha kukomaa kinaweza kuanzisha kiumbe kizima upya, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Miaka yote hiyo watu walijua kwamba chura huyu ana kasoro moja kama mnyama wa maabara: jeni zake nyingi zinakuja mbili mbili, na kuzitenganisha ni kazi.

Ana kromosomu 36. Binamu yake wa Afrika Magharibi, Xenopus tropicalis, ana 20. Mpenda hesabu atauliza kwa nini si 40, na ana haki. Kromosomu mbili ambazo kwa tropicalis zimekaa mbalimbali, ya 9 na ya 10, kwenye ukoo wa laevis ziliungana zikawa moja kabla ya mkasa tunaouzungumzia. Kwa hiyo kila babu alileta seti ya kromosomu 9, na 9 mara mbili ni 18. Mtoto hupokea 18 kwa mama na 18 kwa baba.

Mkasa wenyewe ulikuwa ndoa ya spishi mbili. Ukoo mmoja wa vyura uligawanyika kiasi cha miaka milioni 34 iliyopita, matawi mawili yakaenda kila moja na njia yake, kisha miaka milioni 17 au 18 iliyopita yakakutana tena na kuzaa chotara. Kwa kawaida chotara wa namna hiyo angekuwa mwisho wa safari, kwa sababu kromosomu za mama na za baba hazitambuani vizuri wakati wa kutengeneza mayai. Xenopus wana mlango wa nyuma. Majike chotara wanaozalishwa maabara hutaga baadhi ya mayai ambayo hayakupunguza kromosomu hata kidogo. Yai linabeba kila kitu alichonacho mama. Yai kama hilo likirutubishwa, idadi inapanda. Hatua mbili za hivyo zinatosha kupata mnyama mwenye seti kamili za pande zote mbili, ambaye kila kromosomu yake ina mwenza halali wa kuungana naye. Huyo anazaa bila shida, na hapo spishi mpya imepatikana.

Tunajuaje kipande gani kilitoka kwa babu yupi, na mababu wenyewe wametoweka? Jibu limo kwenye takataka. Jenomu imejaa vipande vya DNA vinavyojinakili na kuhama, na katika ile miaka milioni 16 hivi ya utengano kila tawi lilipata vyake ambavyo tawi la pili halikuwa navyo. Masalia yake yametapakaa kwenye kromosomu hadi leo. Kromosomu yenye masalia ya aina moja ni ya ukoo mmoja, yenye aina nyingine ni ya ukoo wa pili. Timu iliyochapisha jenomu nzima mwaka 2016 ilitumia alama hizo kuzigawa kromosomu makundi mawili, yakaitwa L na S, yaani ndefu na fupi. Ndiyo maana ukifungua orodha ya jeni za chura huyu utaona jina lilelile linajirudia, moja lina nukta na L mwishoni, jingine nukta na S.

Herufi hizo hazikutolewa kwa mapambo. Kromosomu za S ni fupi zaidi, na zimepoteza jeni nyingi kuliko za L. Kwa jumla, zaidi ya asilimia 56 ya jeni bado zina nakala zote mbili, kiwango kikubwa kwa muda uliopita. Zilizobaki zimerudi kuwa moja, na mara nyingi aliyeondoka ni S. Yaani ndoa ilikuwa ya watu wawili lakini upande mmoja ndio uliozidi kufutwa. Sababu ya upande mmoja kuonewa bado inabishaniwa, na sitaki kuingia huko leo.

Nakala ya pili ya jeni ina njia chache za kupita. Mwanajenetiki Susumu Ohno aliliweka wazo hili mezani mwaka 1970: nakala moja ikiendelea na kazi ya zamani, ya pili inakuwa huru kuharibika, au kwa bahati kujikuta na kazi mpya. Mwaka 1999 Michael Lynch, Allan Force na wenzao wakaongeza njia ya tatu ambayo haihitaji bahati kubwa. Kama jeni ya asili ilikuwa na kazi mbili, tuseme moja kwenye ngozi na moja kwenye wengu, kila nakala inaweza kupoteza kazi moja tofauti, na kuanzia hapo zote mbili zinahitajika. Hakuna aliyebuni kitu kipya. Wamegawana tu cha zamani, na wamefungwa pamoja kwa hasara.

Napenda sana kuitazama jeni inayokufa, na nakiri ni burudani ya ajabu. Unapanga mistari mitatu ya herufi kwenye kioo cha kompyuta: jeni ya tropicalis juu kama shahidi, L katikati, S chini. Mwanzoni mistari inafuatana vizuri, herufi kwa herufi, tofauti moja hapa na moja pale, nyingi zikiwa mahali pasipobadilisha protini. Kisha kwenye mstari wa chini zinakosekana herufi mbili. Mbili tu. Lakini protini husomwa kwa herufi tatu tatu, kwa hiyo kuanzia hapo kila neno linasomwa vibaya, na mbele kidogo inatokea TGA, ambayo ni amri ya kusimama. Protini inakatika. Ukiendelea kulia utaona kwamba baada ya ajali hiyo mstari wa chini umelegea kabisa: mabadiliko kila mahali, sehemu nzima zimetoweka, mipaka ya eksoni, vile vipande vya jeni vinavyosomwa, imevurugika. Hakuna anayeilinda tena. Ukipima uwiano kati ya mabadiliko yanayogusa protini na yale yasiyoigusa, jeni hai huonyesha namba ndogo, kwa sababu uteuzi wa asili umefagia mengi ya hayo yanayogusa protini. Kwenye jeni mfu namba inapanda kuelekea 1, ishara kwamba hakuna anayefagia. Mtu mvivu huishia hapo na kusema jeni ile haikuwa na maana. Mimi huuliza ile pacha yake inafanya nini, na inasimama wapi.

Chukua mnyororo unaofahamika zaidi. Juu ya utando wa seli, na kwenye vifuko vya ndani yake, wamo vipokezi vya jamii ya Toll. Kimoja hutambua protini inayounda mkia wa bakteria, kingine hutambua mafuta na sukari za ukuta wa bakteria, kingine hutambua RNA ya nyuzi mbili ambayo kwa kawaida ni dalili ya virusi. Vingi vya vipokezi hivi, vikiguswa, huita protini moja iitwayo MyD88, nayo huita vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye vimeng'enya vingine, hadi ujumbe ufike kwa NF-kB. Huyu NF-kB ndiye anayeingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni za uchochezi.

Lakini tazama namna anavyozuiliwa. Seli ikiwa shwari, NF-kB amekaa nje ya kiini akiwa amekumbatiwa na protini nyingine, IkB, inayomfunika asiweze kupita. Ujumbe ukifika, IkB inabandikwa fosfati na kubomolewa. NF-kB anaachiliwa, anaingia, anawasha jeni. Na moja kati ya jeni za kwanza anazowasha ni ya IkB yenyewe. IkB mpya inatengenezwa, inaingia, inamkamata na kumtoa nje. Kama adui bado yupo, IkB inabomolewa tena. Ukiipima seli moja moja utaona NF-kB akiingia na kutoka kwa mawimbi. Mpangilio wote huo unategemea uwiano. NF-kB akizidi IkB, seli inawaka bila sababu. IkB ikizidi, seli inachelewa kushtuka wakati imeshavamiwa. Na NF-kB mwenyewe ni protini mbili zilizoshikana, kwa hiyo kuna uwiano mwingine ndani yake.

Sasa irudufu jenomu nzima. NF-kB anakuwa mara mbili, IkB mara mbili, vimeng'enya mara mbili. Uwiano haujaguswa. Ni kama zege: ukizidisha saruji, mchanga, kokoto na maji kwa kipimo kimoja, umepata zege nyingi zaidi lakini ni ileile. Ubaya unaanza pale kitu kimoja kinapopungua peke yake. Jeni ya IkB upande wa S ikifa ghafla, huku NF-kB bado ni mbili, mnyama huyo anaanza maisha na uwiano uliopinda. Uteuzi wa asili utamtoa, na nakala itabaki, hata kama haina kazi yoyote mpya ya kujivunia. Hii ndiyo nadharia ya uwiano wa jeni, na inaeleza kitu kilichoonekana wazi kwenye jenomu ya laevis: protini zinazowasha jeni na zile za njia za ishara zimehifadhiwa mbili mbili kwa kiwango cha juu, wakati jeni za kazi za peke yake, kama zile za kukarabati DNA, zimerudi kuwa moja kwa wepesi zaidi. Anayefanya kazi peke yake hana wa kumdai uwiano.

Kuna sababu ya pili, ambayo wanaoandika kuhusu kinga peke yake huisahau. Wajumbe wa ndani wa kinga si wa kinga tu. Toll yenyewe ilijulikana kwanza kwa nzi wa matunda kama jeni inayoamua upande gani wa kiinitete uwe tumbo na upande gani uwe mgongo. Kazi yake ya kupambana na kuvu ilionyeshwa baadaye, mwaka 1996, na maabara ya Jules Hoffmann. Mnyororo uleule, shughuli mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa familia ya TGF-beta, ambayo huunda mwili wa kiinitete na baadaye hutuliza uchochezi kwa mtu mzima. Jeni yenye shughuli nyingi ina mengi ya kugawana na pacha wake, kwa hiyo ile njia ya tatu iko wazi kwake kuliko kwa jeni ya shughuli moja.

Ukipanda juu kwenye mnyororo, kwenye vipokezi na kwenye protini zinazotolewa nje ya seli, hali inabadilika. Huko ndiko adui anakogusa. Virusi na bakteria hubadilika haraka, na jeni zinazowagusa hubadilika haraka vilevile. Lakini ongezeko lake kwa kawaida halisubiri jenomu nzima irudufike. Jeni moja hujinakili pembeni yake mwenyewe, kisha tena, ukapata safu ya jeni ndugu zimepangana. Kipokezi cha ziada hakimharibii mtu uwiano; kama hakina cha kutambua, kinakaa kimya.

Interferoni ndiyo mfano ninaoupenda. Hizi ni protini ambazo seli iliyoingiliwa na virusi hutoa kuwaonya majirani. Jeni za interferoni za aina ya kwanza kwa samaki zimekatwakatwa na introni, vile vipande ambavyo hukatwa na kutupwa kabla ujumbe haujasomwa. Kwa binadamu karibu zote hazina introni. Vyura wana aina zote mbili kwa pamoja. Maelezo yanayokubalika ni kwamba RNA iliyokwisha kukatwa introni zake iligeuzwa tena kuwa DNA na kuchomekwa mahali pengine kwenye jenomu, kisha nakala hiyo isiyo na introni ikazaa ukoo wake. Kwa vyura ukoo huo umetanuka sana. Kurudufika kwa jenomu kulipokuja, kulikuta familia ambayo tayari ilikuwa na mazoea ya kuzaana yenyewe. Kuongezewa seti moja zaidi hapo si habari kubwa. Ndiyo maana nikisoma makala inayohesabu jeni zote za kinga za chura na kutoa jumla moja, huwa nafunga ukurasa. Jumla hiyo imechanganya yaliyorudufika kwa ndoa na yaliyojinakili yenyewe, vitu viwili vyenye historia tofauti na sababu tofauti.

Halafu kuna MHC.

Hili ni eneo la jenomu lenye jeni zinazoonyesha vipande vya protini juu ya seli ili seli T, askari wa kinga, zivikague. Kipande cha virusi kikionekana, seli inauawa. Kwa binadamu eneo hili ndilo linaloamua kama figo ya kupandikizwa itakubaliwa. Lina utofauti mkubwa kati ya mtu na mtu kuliko karibu sehemu yoyote nyingine ya jenomu, na utofauti huo ni mali: kadiri mnyama anavyoweza kuonyesha vipande vya aina nyingi, ndivyo maadui wengi zaidi wanavyokamatwa. Kama kuna mahali ambapo ungetarajia nakala ya pili ithaminiwe, ni hapa.

Kinyume chake ndicho kilichotokea. Louis Du Pasquier, Martin Flajnik na wenzao walionyesha miaka mingi kabla ya jenomu kusomwa kwamba Xenopus laevis, kwa upande wa MHC, anaishi kama mnyama mwenye jenomu moja. Seti moja inafanya kazi. Ya pili imenyamazishwa au kufutwa. Na si kwamba seti mbili haziwezekani kabisa. Chotara wenye seti nyingi waliozalishwa maabara huonyesha MHC zote walizorithi, kutoka pande zote, na wanaishi. Kwa hiyo unyamazishaji hauji siku ya kwanza. Unakuja baadaye, kwa uteuzi, vizazi kwa vizazi.

Kwa nini? Maelezo ya vitabuni yanahusu thaimasi, tezi inayozilea seli T. Huko kila seli T hujaribiwa dhidi ya MHC za mwenye mwili. Inayoshika kwa nguvu kupita kiasi inauawa, maana inaweza kuushambulia mwili wenyewe. Ukiongeza aina za MHC, unaongeza vitu vya kushikwa, na seli nyingi zaidi zinauawa. Ukizidisha mno unabaki na jeshi lenye mapengo. Kuna kiwango cha kati kinachofaa, na mbili ni nyingi mno. Yanasikika vizuri. Kuna samaki wadogo wenye miiba mgongoni, wa maji baridi ya kaskazini, ambao utafiti wa mwaka 2003 uliwakuta wenye idadi ya kati ya MHC wakibeba vimelea wachache kuliko wenye nyingi au wenye chache. Lakini mwaka huohuo ilitoka hesabu ya kimodeli iliyoonyesha kwamba idadi ya MHC ingepaswa kupanda mno, kupita ile ambayo wanyama wanayo, ndipo hasara ya thaimasi ianze kuzidi faida. Wanaolitaja la samaki mara chache hulitaja hili la pili.

Mimi naelemea maelezo mengine, na yanarudi kwenye hoja yangu ya nani anategemeana na nani. MHC ya daraja la kwanza, ile inayoonyesha vipande vya protini za ndani ya seli, haifanyi kazi peke yake. Vipande vya protini hukatwa na mashine ambayo LMP7 ni sehemu yake, husafirishwa na pampu iitwayo TAP, kisha hupakiwa kwenye MHC. Kwa binadamu jeni hizi zimetawanyika kiasi kwamba TAP imelazimika kuwa ya jumla, ikibeba karibu kila kitu. Kwa Xenopus jeni ya daraja la kwanza ni moja tu kwenye eneo hilo, nayo imekaa karibu na TAP na LMP7, na zinarithiwa kama fungu. Zaidi ya hapo, mafungu hayo yako ya aina mbili za kale, na ndani ya kila aina kikataji, pampu na kionyeshaji vimezoeana kwa muda mrefu sana. Pampu ya fungu moja inaleta vipande vinavyofaa kionyeshaji cha fungu lake.

Weka sasa mafungu ya spishi mbili, zilizotengana miaka milioni 16, ndani ya seli moja. Pampu za huku zinajaza chumba kwa vipande ambavyo vionyeshaji vya kule havivitaki. Vionyeshaji vitupu havidumu juu ya seli. Kila upande unamchelewesha mwenzake. Katika hali hiyo kulifuta fungu moja lote ni nafuu, na ndilo lililofanyika. Tofautisha na NF-kB: hapo protini za pande mbili bado zilifanana kiasi cha kubadilishana, kwa hiyo kilichokuwa na maana ni kiasi tu. Kwenye MHC tatizo lilikuwa kulingana.

Maisha ya chura yanaongeza mkanganyiko mmoja ambao wanyama wengine hawana. Kiluwiluwi ni kama mnyama mwingine. Ana seli T lakini kwa sehemu kubwa hana MHC ya daraja la kwanza juu ya seli zake; huanza kuionyesha anapogeuka kuwa chura. Wakati wa mgeuko thaimasi yake hupoteza sehemu kubwa ya seli zake kisha hujazwa upya, maana mwili mzima unakaribia kupata protini za utu uzima ambazo kinga ya utotoni haikuwahi kuziona. Viluwiluwi hujisaidia na jamii ya seli T zinazotegemea jeni nyingine, za ukoo wa MHC lakini zilizo nje ya eneo la MHC. Mojawapo inaitwa XNC10. Hizo hazikunyamazishwa kuwa moja. Ziko nyingi, zimejinakili safu safu. Na virusi vya jamii ya Ranavirus vikiingia bwawani, tofauti inaonekana: watu wazima wa laevis huvifuta miilini mwao baada ya wiki chache, viluwiluwi hufa kwa wingi. Viluwiluwi huelekea kutumia interferoni za aina ya tatu zaidi, wakati watu wazima hutegemea za aina ya kwanza. Kwa mnyama mwenye maisha mawili, jeni yenye nakala mbili ina mstari wa kugawana uliokwisha kuchorwa: mmoja achukue maisha ya kabla ya mgeuko, mwingine ya baada. Ningependa kuona upimaji wa L na S uliofanywa kwa umri kabla ya kuamini dai lolote kwamba nakala moja “haifanyi kazi”. Huenda ilipimwa kwa mnyama asiye wa umri wake.

Upimaji huo si rahisi, na wenzangu wasiogusa Xenopus hawajui tulivyoteseka. Vipande vifupi vya RNA vinavyosomwa na mashine mara nyingi vinalingana na L na S kwa usawa, programu inavigawa kwa kukisia au inavitupa. Kingamwili za maabara hazitofautishi protini mbili zinazofanana kwa asilimia zaidi ya 90. Ukitaka kuizima jeni, ni lazima uzime zote mbili, la sivyo pacha anaziba pengo na wewe unaandika kwamba jeni haina kazi. Ndiyo sababu watu wengi walihamia kwa tropicalis, ambaye jenomu yake ilichapishwa mapema zaidi, mwaka 2010.

Hapo katikati limejengeka dai ambalo huwa linanikera. Kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, iliyotajwa kisayansi mwaka 1999, imeshusha idadi ya spishi zaidi ya 500 za amfibia duniani na kuhusishwa na kutoweka kwa makumi kadhaa. Xenopus laevis huibeba bila kuugua sana. Basi wengine wakaunganisha: jenomu mbili, kinga imara. Lakini chura-ng'ombe wa Marekani naye huibeba bila kuugua sana, na yeye ana jenomu ya kawaida, kromosomu 26. Laevis ana sababu nyingine zilizo wazi zaidi, zikiwamo zile peptidi za ngozi, magainini na jamaa zake, ambazo Michael Zasloff alizielezea mwaka 1987. Jenomu maradufu inaweza kuwa imechangia. Kuisema kama chanzo ni kuruka.

Kinachoweza kuamua ubishi wangu wa MHC ni jamaa zake laevis. Katika jenasi nzima tropicalis ndiye pekee anayejulikana kubaki na seti ya kawaida. Wengine walirudufika, na hawakurudufika mara moja. Xenopus vestitus wa nyanda za juu za Uganda, Rwanda na Kongo ana kromosomu 72. Xenopus ruwenzoriensis, aliyepewa jina la milima ya Rwenzori, ana 108, sawa na Xenopus longipes wa Ziwa Oku nchini Kamerun. Kila ndoa mpya ni jaribio lilelile limerudiwa na asili. Kama tatizo ni msongamano wa thaimasi, kinachotakiwa ni idadi ishuke tu: daraja la kwanza linaweza kubaki la babu mmoja huku TAP na LMP7 zikibaki za babu mwingine, ilimradi jumla iwe ndogo. Kama tatizo ni kulingana, basi popote zilipobaki chache, kikataji, pampu na kionyeshaji lazima vitoke kwa babu mmoja. Ukaribu wa jeni hizo kwenye kromosomu unatia doa mtihani huu, kwa sababu ufutaji wa kipande kikubwa huondoa fungu zima kwa bahati tu. Kwa hiyo nisingehesabu pale fungu lilipofutwa lote. Ningetafuta jeni zilizozimwa moja moja, kwa herufi mbili kukosekana na TGA kutokea mapema, na kuuliza ni ipi ilianza kufa: daraja la kwanza, au pampu yake.